Hotuba ya Mwenyekiti: Siku Zangu 17 Katika Wodi ya Ugenini

(Hotuba hii ilisomwa na Mwenyekiti wetu siku ya sherehe ya miaka 10 ya kikundi, hapa Kasansa. Imechapwa kama alivyoiandika kwenye daftari, pamoja na maneno aliyoongeza akiwa amesimama.)

 

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao chini ya mwembe na leo hawapo. Tunawakumbuka.

Taarifa ya fedha ameshaisoma Katibu, tena vizuri, sitairudia. Mimi ni darasa la saba, hesabu namwachia yeye. Nilitakiwa niongee juu ya tulikotoka, na kweli nilikuwa nimeandika hotuba ya mwembe na sanduku la bati lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu. Lakini hayo mnayajua, hata watoto wenu wanayajua. Juzi usiku nikaichana hiyo hotuba nikaandika hii.

Sababu ni hoja iliyoletwa mwezi uliopita, kwamba lile Fungu la Uzazi katika mfuko wetu wa jamii lifutwe. Wageni wetu labda hawafahamu. Kila wiki mbali na hisa tunatoa fedha kidogo ya jamii. Akifiwa mtu tunampa, akiugua tunampa, na akijifungua tunampa, hairudishwi wala haina riba. Walioleta hoja si watu wabaya, ni wenzetu, na wana akili katika walilolisema. Wanasema msiba hauna taarifa, ugonjwa hauna taarifa, lakini mimba ina miezi tisa ya kujiandaa. Wanasema fedha ile ikiingia kwenye mikopo ingezaa. Na wanasema wapo waliolitumia vibaya, jambo ambalo ni kweli. Mwaka wa nne si alikuja mtu akadai fungu kwa mtoto wa dada yake? Tulimkamata. Tulicheka, lakini tulimtoza faini.

Mimi kama mwenyekiti sipigi debe. Kura ni yenu. Ila wale wa zamani mnakumbuka siku tunaandika katiba jinsi nilivyong'ang'ania kifungu kile mpaka giza likaingia, mpaka mmoja wenu akasema, "Mwandikieni tu jamani tukalale." Hamkuniuliza kwa nini, na mimi sikusema. Niliona aibu. Leo nasema.

Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa tano, mchele mpya umetoka. Wakati ule Mpanda yetu ilikuwa bado Mkoa wa Rukwa, hii Katavi imezaliwa mwaka 2012. Mimi na mume wangu tulikuwa wachuuzi wa mchele. Gunia la Kasansa likiupanda Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga linakuwa na bei nyingine. Likishuka tena mpaka bandari ya Kasanga, ziwani Tanganyika, likavuka hadi Mpulungu upande wa Zambia, hapo ndipo mtu anaweza kuezeka bati. Mpulungu ndiyo bandari pekee ya nchi ile, kwa hiyo Wakongo wapo, Warundi wapo, na sisi tupo.

Kwa hesabu yangu mimba ilikuwa ya miezi saba. Na kosa ni langu, nisimsingizie mtu. Kliniki nilikuwa nimekwenda mara moja tu. Mama mkwe alinikataza safari, nikamjibu kwamba nitapumzika nikirudi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na nilijiona wa chuma.

Usiku wa pili tukiwa Mpulungu, nimekaa juu ya gunia, nasikia maji yamenimwagikia miguuni. Nikadhani ni ndoo. Mume wangu alipomulika tochi tukanyamaza wote wawili. Lori la samaki ndilo lililotupandisha mpaka hospitali. Jina la hospitali hiyo sitalitaja, maana nina mazuri na mabaya ya kuisema.

Binti yangu alizaliwa kabla ya alfajiri. Uzito kilo moja na gramu 900. Kuku wangu wengine ni wazito kuliko hapo, msicheke, ni kweli. Alilia mara moja kama paka, akanyamaza. Wakamchukua.

Ndugu zangu, kuzaa ni kuzaa popote. Ugumu wa ugenini unaanza ukishazaa. Manesi walisema Kibemba na Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa kile cha kumsimamia mwalimu asubuhi na kukaa chini. Katika Kibemba nilidaka neno moja tu, umwana, kwa kuwa limefanana na letu. Basi kila nesi aliyepita nikawa namwuliza, "Umwana? Umwana?" Wananijibu maneno mengi, sielewi kama amekufa au mzima. Kutoka asubuhi mpaka jua la utosi sikujua kama mimi ni mama wa mtoto au ni mfiwa. Nawaambia akina mama, hayo ndiyo masaa marefu kuliko yote niliyoishi.

Aliyenitoa hapo ni mama wa kitanda cha pili. Alikuwa Mkongo. Vita ya kwao iliyoanza Agosti 1998 ilikuwa imewavusha wengi ziwa kwa mitumbwi, wengine walifikia hapo Mpulungu, na wengi walipelekwa kambi ya Mwange kule Mporokoso. Yeye alivuka akiwa na mimba na watoto wawili. Mume hajui alipo. Aliniita akaniambia kwa Kiswahili chao, "Usilie mama, mutoto iko muzima. Iko mu kisanduku." Sijawahi kuusikia Ukongo wa mtu ukiwa mtamu kiasi kile. Tangu saa hiyo akawa mkalimani wangu, na yeye mwenyewe ana yake mazito.

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha mbao, kina taa ya balbu ya kumpa mtoto joto. Mchana kilifanya kazi. Usiku wa kwanza umeme ukakatika. Akaja nesi mmoja mtu mzima, mnene, hana maneno mengi, kamshika binti yangu kwa mkono mmoja. Akanifungua blauzi bila kuniomba, akamlaza mtoto uchi na nepi yake katikati ya kifua changu, kichwa amekigeuza upande ili apumue, akachukua khanga yangu akatufunga wawili kama mzigo. Akanionyesha kwa mikono: usimtoe, lala hivi hivi umeinuka. Kofia akamvalisha soksi ya mtu mzima iliyokatwa.

Mimi niliona kama ni ushamba wa hospitali maskini. Kumbe! Miaka mingi baadaye, kwenye semina ya afya, ndipo nikaelezwa kwamba hiyo ni huduma yenye jina, wanaiita kangaruu, kwa yule mnyama wa Australia anayembeba mwanawe mfukoni. Ilianzia mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, mwaka 1978. Madaktari wawili, Edgar Rey na Héctor Martínez, walikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto, basi wakawarudisha vifuani kwa mama zao. Na mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, pale Muhimbili. Walichukua watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini kidogo ya kilo moja na gramu 800. Wale waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri kwanza mashine iwatulize, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa 12 kwa kila 100. Wale wa utaratibu wa zamani walikuwa karibu 16. Nesi wangu mnene hakuhudhuria semina hiyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshajua.

Habari ya maziwa nayo niiseme, maana hapa wapo wasichana wanaotarajia. Mama yangu alinifundisha maziwa ya kwanza, yale ya njano, ni machafu, yakamuliwe chini. Nilipoanza kukamua chini yule nesi alinipiga kofi la mkono. Kweli alinipiga! Akaleta kikombe kidogo. Mtoto hakuwa na nguvu za kunyonya, kwa hiyo nikawa nakamua humo, namnywesha kwa kikombe taratibu kila baada ya masaa matatu, mchana na usiku. Siku ya kwanza hayakufika hata kijiko kimoja. Mkongo akanitafsiria: tumbo lake ni kama gololi, hicho kidogo kinamtosha.

Siku ya tatu wakampima, uzito umeshuka. Nililia mpaka wodi nzima ikageuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mtoto mchanga hupungua kwanza siku zile za mwanzo, halafu hurudia uzito wake baada ya wiki moja au mbili. Mngekuwa nyumbani mama mkwe angekwambia. Ugenini unajua baada ya kulia.

Chakula. Kule mgonjwa analetewa na ndugu, kama kwetu. Ndugu yangu alikuwa mume wangu, naye anaruhusiwa saa ya kuona wagonjwa tu, tena yupo bandarini anahangaika na magunia. Mashua iliyoleta mengine ilipigwa na mawimbi, mchele ukalowa. Mchele uliolowa mnaujua, ukikaa siku mbili unanuka. Basi nilikula nshima ya watu. Ndiyo ugali huo huo wa sembe, wanaufinyanga laini kidogo kuliko sisi. Kila ndugu wa mgonjwa aliyekuja na bakuli alimega na wangu. Natotela, ndilo neno la pili la Kibemba nililojifunza, maana yake asante, na nililitumia mpaka likachakaa.

Siku ya 15 daktari akaandika twende nyumbani. Mtoto ameanza kunyonya mwenyewe, uzito umerudi na kupita kidogo. Nikafunga khanga zangu. Tukafika dirisha la malipo, tukapewa karatasi. Mwenyeji ana bei yake na mgeni ana bei yake. Mume wangu aliitazama ile karatasi, akaigeuza nyuma kama vile upande wa pili kungekuwa na unafuu. Fedha tuliyokuwa nayo haikufika hata theluthi.

Wakasema hamtoki.

Sikufungwa pingu, nisiwasingizie. Ila mlangoni kuna mlinzi, na kitanda changu kilipata mgonjwa mwingine jioni ile ile. Usiku mbili nililala sakafuni, binti kifuani. Mchana nilikuwa nafagia wodi ili wasiniangalie vibaya. Hayo ndiyo niliyoyaonea aibu miaka yote hii. Nilipokuwa hapa mbele yenu nawasimamia kwa ukali juu ya marejesho, nawatoza faini kwa kuchelewa dakika kumi, moyoni najua kwamba mimi niliwahi kuwa rehani pamoja na mtoto wangu.

Katika wodi ile alikuwepo mama mmoja wa makamo, muuza dagaa wa Mpulungu, amekuja kumwuguza binti yake. Alikuwa ananitazama nikifagia. Jumamosi akatoka, akarudi jioni na wanawake wenzake wawili wa sokoni, fedha zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Wao wanauita mchezo wao chilimba, ndio huu huu upatu wetu: mnachanga, anapokea mmoja, wiki ijayo mwingine. Zamu ilikuwa yake. Alikwenda dirishani akalipa, akarudi na risiti akanipa mkononi kama mtu anavyokupa chenji.

Nikamwambia Mkongo mwulize nimrudishie lini. Akajibu kwamba amezaa saba na kuzika watatu, nirudishe nikipata.

Tulitoka siku ya 17. Tulirudi kwa Liemba, ile meli ya Mjerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, tukashukia Kasanga. Yule Mkongo tulimwacha wodini, mtoto wake wa kiume alikuwa na homa. Mpaka leo sijui ilikuwaje, na ninapopita kwenye duka la Mkongo yeyote masikio yangu yanasimama.

Niwachekesheni kidogo. Karatasi ya kuzaliwa waliyonipa iliandikwa mama ametoka Kasanga. Kule ziwani Kasanga wanaijua, Kasansa nani anaijua? Kwa ajili ya herufi moja, binti yangu alipokwenda kutafuta kitambulisho cha Taifa alizungushwa kama jiwe la kusagia. Wengine wakamwambia wewe Mzambia. Sheria ya uraia ya mwaka 1995 inasema mtoto aliyezaliwa nje, mzazi wake mmoja akiwa raia, naye ni raia kwa kurithi. Sasa mweleze mtu mwenye muhuri! Kwa hiyo anayejifungulia nje asiondoke kabla hajasoma kila herufi, na kama hawezi kusoma ampe mtu amsomee.

Sasa deni. Mwaka 2000 hatukuweza. Mwaka 2001 mume wangu alikwenda na fedha kamili, na gunia la mchele juu yake. Sokoni hakumkuta. Mmoja akasema amehamia Kasama kwa mwanawe, mwingine akasema amekufa. Alizunguka siku tatu, akarudi na fedha. Tulikaa nayo, tukanunua mbuzi jike. Mbuzi yule alizaa, na watoto wake wakazaa. Mimi nilijua siku zote kwamba mbuzi yule si wetu. Na miaka 10 iliyopita, tulipoitwa chini ya mwembe, hisa zangu za kwanza katika kikundi hiki nilinunua kwa fedha ya mbuzi wawili wa uzao ule. Kwa hiyo sanduku lile la bati lilipofungwa siku ya kwanza, ndani yake ilikuwemo chilimba ya muuza dagaa wa Mpulungu. Mlikuwa hamjui.

Nirudi kwenye hoja. Kwetu hapa huduma ya mjamzito na ya mtoto chini ya miaka mitano kisera ni bure, na nashukuru. Lakini ninyi mnajua beseni, mpira wa kutandika, glovu, pamba, nauli ya anayekusindikiza, na chakula cha siku zote hizo. Usafiri wa dharura umekuwa nafuu tangu ulipokuja mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Unapiga 115 bila malipo, wanatuma gari la wagonjwa au dereva wa hapa hapa mtaani waliyekubaliana naye. Namba hiyo iandikeni kwenye ukuta wa jiko. Lakini gari linakupeleka, halikulishi.

Utafiti wa afya wa nchi yetu wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka sana, kutoka akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015 na 2016, hadi 104. Ni jambo kubwa, wapigieni makofi wakunga wetu. Ila watoto wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi walikuwa 25 kwa kila 1,000, na sasa ni 24. Hapo hatujasogea. Mama anatoka salama leba, halafu zinakuja siku zile za kikombe na kijiko, za kulala umeinuka na mtoto kifuani, mama hana uji, wa kumletea hayupo, anaomba ruhusa arudi nyumbani mapema kwa sababu fedha imekwisha. Fungu letu ni la siku hizo. Wenzangu mnaosema mimba ina miezi tisa, yangu ilikuwa na saba.

Juu ya wanaolitumia vibaya, nakubali tukaze. Mtu alete kadi ya kliniki yenye mahudhurio, si karatasi ya kuokota. Mimi mwenyewe kwa mahudhurio yangu ya mwaka ule ningenyimwa, na ningestahili kusemwa, lakini msingeniacha sakafuni. Hilo mlijadili namna ya kuliandika, mimi sijapata maneno yake.

Kura ni Alhamisi, saa tisa, pale pale ofisi ya kata. Anayechelewa faini ipo.

Binti yangu ndiye yule anayegawa soda. Mnalijua jina lake, na wengi mmewahi kuniuliza mbona si la Kipimbwe wala la Kifipa. Ni la yule mama wa dagaa.

Wali uko tayari, akina baba wanaanza kutazama jikoni.